Sista Marta na Kidonge cha Saa Mbili

Tarehe 30 Juni 1997, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Muuguzi Marta Mwakalobo anastaafu. Mashine yake ya kupima presha, iliyoanza kazi pamoja naye, haijapewa barua ya kustaafu.

Alianzia zahanati ya Matema, akapita Busale, akamalizia kliniki yetu ya Bondeni, akitoa vidonge vya majira kwa wanaopanga uzazi na kwa wale ambao hedhi iliwalaza kitandani kila mwezi. Kidonge hutaka saa ileile kila siku. Kwa kuwa saa zilikuwa adimu, alikifunga kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku: baba akiinamia redio, mama anameza. Mwaka 1984 betri ziliadimika. Mwaka 1985 wodi ya wazazi ilijaa.

Mwaka 1989 wanaume wa Busale waliitisha kikao. Walilalamikia kichefuchefu, maumivu ya kichwa na matone ya damu katikati ya mwezi. Wake zao hawakuwepo. Walikuwa wakipalilia mpunga. Sista Marta alifungua daftari, akaomba waliomeza wasimame. Alisimama Mzee Ambrose peke yake: "Sisi tunaugua kwa niaba yao, sista." Akaelezwa kwamba dalili hizo hupungua baada ya miezi miwili mitatu. Alisema amefarijika.

Soko huria lilileta betri, na duka la Mikidadi. Yeye alikata pakiti kwa mkasi na kuuza kimoja kimoja. Vile vya kahawia, ambavyo ni madini ya chuma tu, aliviita vya nguvu. Sista Marta alimwonya mara tatu kwamba mwenye presha hapaswi kumeza vidonge vya majira. Mikidadi alijibu kwamba duka si kliniki. Kisha Raudha, mkewe, aliyemeza vya dukani, akaletwa kichwa kikimpasuka, macho yakiona vimulimuli. Presha: 180 kwa 110. Sista Marta alimsimamishia vidonge papo hapo, akapanda naye gari hadi hospitali. Raudha alipopona, Sista Marta alimwekea kitanzi cha kupanga uzazi. Tangu hapo Mikidadi humuuliza kila mteja kama amepimwa presha, hata anayetaka sabuni.

Nafasi ya Sista Marta haitajazwa, ajira zimesimamishwa. Idara imemzawadia saa ya ukutani, bila betri. Mikidadi ametia betri, akaitundika dukani, na chini yake akaweka meza na viti viwili. Kila Jumanne mashine ile kongwe itakuwa hapo ikipima presha, pamoja na Sista Marta mwenyewe. Idara tayari inayaita hayo mafanikio ya sekta binafsi.

Ndaga fijo, asante sana, Sista Marta. Tunakuombea mapumziko marefu, kuanzia Jumatano.