Gazeti Alilolisoma Mwalimu Januarius

Pale Bariadi mjini, ukitoka stendi kama unaelekea sokoni, palikuwa na benchi refu limeegemea ukuta wa duka la Asumini. Duka lenyewe zamani lilikuwa la vitenge. Halafu Asumini akavitoa vitenge vyote, akaweka kompyuta nne na kibao kilichoandikwa kwa mkono: INTANETI IPO. Nje, Hashimu wa kahawa aliweka jiko lake la mkaa, na kwenye benchi walikaa wale wale wa kila siku. Kulikuwa na Milembe, aliyeleta dagaa kutoka Nyashimo. Kulikuwa na Jilala wa Kasoli, aliyekuwa akipanga madaraja ya pamba kwenye chama cha ushirika kabla wanunuzi binafsi hawajaja na mizani yao. Kazi iliisha lakini mdomo haukuacha. Chochote kilichopita mbele yake alikipa daraja la pamba, safi kikiwa kizuri, fifi kikiwa kibovu, na watu wakambatiza Pamba Fifi. Katikati yao alikaa Mwalimu Januarius, mstaafu, ambaye kazi yake pale ilikuwa moja tu: kuwasomea gazeti.

Gazeti lilikuwa la jana, maana lilikuja na basi la Mwanza. Hakuna aliyejali. Walilolingojea zaidi ni la Alhamisi, ukurasa wa kumi na moja, penye safu ya mambo ya mtandaoni: tovuti za manufaa, programu za bure, na vifaa vya ajabu ambavyo watu wa nchi nyingine wanavinunua bila kutoka nyumbani.

— Mwalimu, tupe mtandao, alisema Hashimu huku akimimina.

Januarius alikunjua gazeti, akaliweka umbali ule aliozoea kuliweka kwa miaka arobaini. Alichokiona ni ukungu wa kijivu. Daktari wa Mwanza alikuwa amemwambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Huu ulikuwa mwezi wa nne tangu aambiwe. Habari za siasa na mpira alizisikiliza redioni alfajiri, akaja kuzisema kijiweni kana kwamba anazisoma. Lakini ukurasa wa kumi na moja haukuwa redioni. Huo alikuwa anautunga.

— Kuna mwavuli, alianza, unaokwambia kama mvua itanyesha.

— Unakwambiaje?

— Mpini unabadilika rangi. Ukiwa wa bluu, usiuache nyumbani.

— Fifi, alisema Jilala. Goti langu linafanya kazi hiyo hiyo na silichaji.

— Goti lako linakosea, baba, alisema Milembe. Juzi umenikataza kuanika dagaa, na jua likawaka mpaka jioni.

— Mwavuli unaongea na setilaiti, alisema Hashimu. Na setilaiti hiyo hiyo ndiyo inayoleta mvua. Wanabonyeza kule juu, inanyesha, wanatuuzia miavuli. Mnadhani mwaka ule wa El Nino ilikuwa bahati mbaya?

— Acha fiksi, Hashimu!

— Fiksi? Wewe uliona nani aliyeuza mabuti mwaka ule? Alikuwa ameshayaagiza kabla ya mawingu!

Wakacheka. Januarius naye alicheka, akageuza ukurasa kwa kidole kilicholowa mate, kama msomaji. Saa kama hizi ndizo zilizomtoa kitandani. Nyumbani alikuwa mzee anayejigonga kwenye meza; hapa alikuwa bado mwalimu.

Jilala akasafisha koo.

— Mimi nataka turudi kwenye kengele ya wiki iliyopita.

— Kengele gani? aliuliza Januarius, ingawa aliijua.

— Ile ya ng'ombe. Unamvalisha shingoni, akipotea simu yako inakwambia alipo. Wenzangu, ile siyo fifi. Ile ni safi kabisa. Tangu masika nimeshapoteza ng'ombe wawili, mmoja mpaka leo sijui kama aliibwa au aliliwa na fisi. Jana nimekaa na mama watoto, tumekubaliana. Jumatatu napeleka mtamba mnadani. Asumini ataniagizia hizo kengele.

— Yule mtamba mweusi? Milembe alishtuka. Si ndiye uliyemtunza kwa ajili ya maziwa ya wajukuu?

— Ndiye. Ng'ombe mmoja aokoe kumi na wanane. Mwalimu, uliniambia ni ukurasa wa kumi na moja, sivyo? Lile gazeti ninalo nyumbani, Milembe alinifungia dagaa nalo. Asumini atatoa anwani humo.

Hashimu aliacha kumimina. Wote walikuwa wakimtazama Mwalimu, naye nyuso hakuziona; alizisikia tu pumzi zao na mkaa ukipasuka jikoni. Angeweza kukohoa. Angeweza kusema ukurasa ule ulichanika, au kwamba kengele zimekwisha kule zinakotengenezwa. Uongo mwingine mdogo tu, na mtamba angebaki zizini, na yeye angebaki Mwalimu. Alilikunja gazeti polepole, akaliweka magotini.

— Jilala, usimpeleke ng'ombe mnadani.

— Kwa nini?

— Hakuna kengele. Niliitunga.

— Uliitunga vipi? Si uliisoma mbele yetu?

— Sisomi. Sioni herufi, Jilala. Tangu mwezi ule niliokwenda Mwanza. Nawaona nyinyi kama vivuli, na herufi sizioni kabisa. Ukurasa huu wote, mwavuli, kengele, kile kiatu kinachohesabu hatua, vyote natoa kichwani.

Gari la pamba lilipita likitifua vumbi. Hakuna aliyefunika kikombe chake.

— Miezi minne, alisema Jilala. Miezi minne nakwenda nyumbani namsimulia mke wangu.

— Nisamehe.

— Mimi nilijua, alisema Milembe.

Januarius akageukia upande wa sauti yake.

— Ulijua nini, mayu, mama yangu?

— Kila Ijumaa unaniachia gazeti nifungie dagaa. Nami kabla sijafungia, nasoma. Mwanzoni nilidhani nimeruka mstari. Halafu nikaona ukurasa wa kumi na moja unasema mambo ya virusi vya kompyuta, na wewe ulisema kuna sufuria inayoimba ugali ukiiva. Nikajua.

— Mbona hukusema?

— Niseme nini? Sufuria yako ilikuwa nzuri kuliko virusi vyao.

Hashimu alicheka peke yake. Jilala hakucheka. Alisimama, akasogea mpaka mlangoni kwa Asumini, akasimama huko akiwapa mgongo. Asumini alikuwa amesikia yote. Ukuta wake ulikuwa mwembamba.

— Baba Jilala, hebu njoo uone, aliita kutoka ndani. Nimeitafuta hiyo kengele.

Walijazana mlangoni. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na picha ya ng'ombe mnene, amesimama kwenye majani mabichi, shingoni amevaa mkanda wenye kiboksi.

— Ipo, alisema Asumini. Ila iko kwenye majaribio, na inataka minara ambayo Kasoli haina. Ukiinunua leo itakuwa pambo.

— Ipo kweli? aliuliza Januarius, akishangaa kuliko wote.

— Ipo, Mwalimu. Na mwavuli upo. Umevitunga, na watu wamevitengeneza.

Jilala aliitazama picha muda mrefu.

— Kumbe ungeniacha, ningemuuza mtamba kwa ajili ya pambo, alisema. Kisha akamshika Mwalimu kiwiko, akamsogeza ili asijigonge kwenye kizingiti. — Kaa hapa. Kuna kiti mkono wako wa kushoto.

Asumini aliendelea kubofya.

— Kuna kitu kingine. Wiki jana nilikuwa natafuta dawa ya virusi, nikaangukia tovuti imejaa programu za bure. Watu wanazitengeneza, wanazigawa. Mojawapo inasoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye kioo. Wameandika ni kwa ajili ya wasioona.

Neno hilo lilimpata Januarius kifuani. Kwa miezi minne hakuna aliyelitamka karibu naye. Alingoja limuume zaidi; halikuuma.

— Iwashe, alisema.

Haikuwa kazi ya kuwasha. Ilibidi kwanza iteremshwe, na laini ilikuwa ya kutambaa. Ilianza kuteremka wakati wa kahawa ya saa tatu, umeme ukakatika mara moja, na adhana ya adhuhuri ikawakuta bado wanangoja. Hakuna aliyekwenda nyumbani. Hatimaye Asumini akafungua tovuti ya gazeti, gazeti la siku hiyo hiyo na siyo la jana, na kutoka kwenye spika mbili ndogo ikatoka sauti ya kiume, kavu, kama ya mtu aliyebanwa pua.

— Huyo ni padri mgeni, alisema Jilala. Ndiyo kwanza anajifunza Kiswahili.

— Padri gani asiyepumua? alisema Hashimu. Huyo wamemfungia chumbani, wanamletea chakula mlangoni.

— Hana meno ya mbele, alisema Milembe. Sikiliza anavyosema ng'ombe.

— Nyamazeni kidogo, alisema Januarius.

Sauti ilisoma habari ya daraja, ikasoma matangazo ya vifo, ikasoma hata namba za simu tarakimu kwa tarakimu. Januarius alikuwa ameinama, mikono magotini. Alikuwa anapewa maneno ambayo hakuyatunga.

— Airudie, alisema.

Ikarudia bila kuchoka. Alivua miwani ambayo haikumsaidia tena, akaifuta kwa shati, akaivaa.

— Chini ya ukurasa wa hao walioitengeneza kuna anwani, alisema Asumini. Wanasema aliyeipenda awaandikie.

— Tuandike sasa hivi, alisema Milembe. Mtu amekupa bure, huwezi kukaa kimya.

Walirudi benchini, wakaacha mlango wazi ili Asumini asikie na kuandika. Pale pembeni alikuwa amekaa mwanamke wa Ipililo, jina lake Nyanjige, anangoja basi la Maswa; Hashimu alikuwa amempa kahawa, naye mwanamke alikuwa amesikia mwisho wa mambo. Januarius alinyoosha mgongo kama aliye mbele ya darasa.

— Anza na salamu ya kwetu Wasukuma, alisema. Andika: Mwangaluka.

— Samahani, alisema Nyanjige. Hiyo ni ya asubuhi. Huko kwao saa hizi ni asubuhi au jioni?

Jilala alimtazama Hashimu, Hashimu akamtazama Milembe. Ndani, vidole vya Asumini vilisimama. Hakuna aliyejua mtu yule anaishi wapi, wala kama jua linamchomozea au linamzamia.

Januarius akageukia mlangoni kwa Asumini.

— Andika zote mbili, alisema. Mwangaluka, na mwadila. Atachukua inayomfaa.