Foto ya Bibi Nabintu Isiyo na Rangi

Jina la Yesu liinuliwe, ndugu zangu! Naomba mnivumilie nisome. Kiongozi wetu wa kwaya aliniambia ushuhuda hausomwi, unasemwa. Lakini mimi nikisimama mbele ya watu bila karatasi ulimi unakauka, na nyinyi mtabaki mnanitazama tu mpaka mnionee huruma. Kwa hiyo nimeandika.

Naitwa Noella, nasoma mwaka wa tano wa sekondari hapa Uvira. Wengi mnanijua, ni yule binti wa kamera anayesimama nyuma karibu na mlango. Wengine mnanijua kwa jina lingine mlilonipa. Nitalifikia.

Tangu utoto nina haya. Si ile haya ya adabu ambayo wazazi wanaisifu. Ya kwangu ni kama ugonjwa. Mwalimu akiuliza swali, jibu ninalo, nalishika mdomoni mpaka mwingine analisema na kupigiwa makofi. Mama yangu anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni, na akiniachia meza wateja wanapita kama hakuna mtu. Mama alikuwa ananiambia, "Noella, ndagala hazijiiti zenyewe."

Mjomba wangu alipokwenda Kalemie kutafuta maisha aliniachia kamera yake ya zamani. Ndugu zangu, siku ile nilipata kinywa! Ukishika kamera, watu hawakuangalii wewe, wanaangalia kioo. Wananyoosha shingo, wanapanga vitenge, wanatabasamu, na wewe umejificha nyuma ya chombo kidogo na hakuna anayekuuliza kitu. Nilipiga foto siku za mahari, harusi, ubatizo kule ziwani. Nilipiga wanafunzi waliofaulu mtihani wa serikali wakitembea barabarani weupe kwa poda waliyomwagiwa kichwani.

Kuuza, niliuza kwa simu. Jioni niliziweka foto kwenye statut ya WhatsApp na kwenye ukurasa wangu wa Facebook, zikiwa ndogo, na jina langu limepita katikati ya kifua cha mtu ili asiichukue bure. Chini niliandika, "Foto yako iko hapa. Niandikie tu." Anayeitaka ananiandikia, anatuma malipo kwa simu, nami namtumia iliyo safi. Wapo walioinyakua vilevile na jina langu juu yake, wakaiweka kama sura yao ya WhatsApp, nami nikatembea mji mzima kwenye vifua vya watu. Sikuchukia. Ndivyo wateja wengine walivyonijua. Kwa simu sikuwa na haya. Niliwatania, niliwaita "bibi harusi wangu", nikawaambia shati lile la papa yao linahitaji foto ya pili. Mteja mmoja aliniandikia, "Kweli weye ndiye yule wa kunyamaza?" Nilicheka peke yangu. Nikamwambia Mungu asante, umenifungulia mlango niliouweza.

Lakini sikuwa nimemjua Mungu, ndugu zangu. Nilimjua wa kuniletea wateja tu.

Kukawa na harusi Kalundu. Bibi wa bwana harusi, yaani nyanya yake, anaitwa Bibi Nabintu, mzee wa kulima na kukaanga mihogo, mama wa watu wengi. Watu wote walikuwa wanacheza nje. Yeye alikuwa amekaa ndani kwenye kiti, peke yake, na mwanga wa mlangoni ulikuwa unamwangukia upande mmoja wa uso. Mkono mmoja alikuwa ameuingiza chini ya kitenge, umekaa tumboni. Nilipiga foto moja. Hakunitazama. Alikuwa anatazama kitu ambacho sisi hatukuwa tunakiona.

Nilipoifungua nyumbani nililia. Sijawahi kupiga foto nzuri kama ile. Kilichoiharibu ni ukuta wa kijani na maua mekundu ya kitenge, yanapiga kelele, yanamfunika mzee. Nikaondoa rangi yote. Ikabaki nyeusi na nyeupe. Nyuma yake nikaweka giza, ukabaki uso na ule mkono. Nikasema, hii ndiyo itakayowaonyesha watu kazi yangu. Asubuhi kabla ya kwenda shule nikaiweka kwenye statut na kwenye ukurasa, na chini yake nikaandika kwa herufi nzuri: Bibi Nabintu, Kalundu. Nikazima simu, maana shuleni kwetu simu haziruhusiwi.

Nawasikia mnavyoguna. Nyote mnajua. Hapa kwetu mtu akiwa hai foto yake ina rangi. Ukiona uso wa mtu umeondolewa rangi, nyuma giza, jina chini, huulizi, unatafuta kitambaa cha kujifunga na unauliza matanga yako wapi. Na mimi nilijua! Familia ngapi zilikuwa zimenituma niwatengenezee foto za namna ile za wafu wao? Lakini asubuhi ile sikuona mfu. Niliona mwanga.

Tulipotoka shule nikawasha simu, ikatetemeka mkononi kama ndege aliyeshikwa. Salamu za pole. Watu wananiuliza alikufa saa ngapi, alikufa na nini. Nikapanda pikipiki mpaka Kalundu. Nilichokikuta nitakiona mpaka nizeeke. Vijana wametandaza bashi, turubai la kuzuia jua, uani. Mabenchi ya kanisa yamefika. Akina mama wamekaa chini kwenye mikeka, wanalia kwa sauti. Binti yake Bibi, Mama Espérance, aliyeolewa Bujumbura, na ambaye alikuwa amekosana na mama yake hata hawasalimiani, alikuwa amevuka mpaka akilia njia nzima, kiatu kimoja mguuni.

Na Bibi Nabintu amesimama mlangoni na ungo wa maharage mkononi.

Waliniambia baadaye kwamba alipotoka alikokuwa, nyuma ya nyumba, aliwauliza wale wanawake, "Munalilia nani?" Mmoja, bila kumtazama, alisema, hapana mama, hakuna kitu, akaendelea kulia. Ni mjukuu mmoja aliyemwonyesha simu. Bibi aliishika, akaitazama muda mrefu, akairudisha. Akarudi kwenye maharage yake.

Kama mambo yangeishia pale, watu wangecheka na kusahau. Lakini wiki haikuisha Bibi Nabintu akalala. Chakula akakataa. Tumbo likavimba.

Ndugu zangu, hapo ndipo mateso yangu yalipoanza.

Mtoto mkubwa wa Bibi, Papa Bulonza, alikuja kwetu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikataa kiti, akamwambia mama yangu, "Mama Noella, kama mama yetu akikufa, tunajua nani alimuandika kati ya wafu." Akaondoka. Mama alibaki amesimama na beseni la ndagala, kisha akaniambia neno moja tu: "Futa."

Nilifuta. Lakini ni nani anayeweza kufuta kitu ambacho watu wamekwisha kukiweka kwenye simu zao? Ilizunguka. Ilikwenda Kamanyola, ikavuka mpaka, ikarudi kwangu kutoka kwa watu nisiowajua, na sasa ina maneno mapya: Huyu binti akikupiga foto, hesabu siku zako. Wakanipa jina. Wakaniita Mwandishi wa Makaburi. Watoto wa mtaa wakaliimba. Bibi harusi niliyekuwa nimempangia foto akaniandikia kwa upole, "Samahani dada, mama yangu amekataa." Mwingine hakuandika, alinifungia tu WhatsApp yake. Ule mlango mmoja ambamo sikuwa na haya, simu yangu, nao ukajaa watu wa kunitukana. Sikuwa tena na mahali ambapo mimi si mimi.

Nilikuja hapa kanisani Jumapili na kamera, kwa kuwa kulikuwa na watoto wa kubarikiwa. Nikainua. Mama mmoja, simtaji, alimfunika mtoto wake uso kwa kitenge. Wa pili yake akafunika. Mstari mzima wakafunika watoto wao, ndugu zangu, mbele ya madhabahu, kama vile nimeshika bunduki. Nikashusha. Siku ile tuliomba maombi ya kufunga roho ya mauti, na niliposikia mnaomba kwa nguvu nilifumbua jicho. Wengine mlikuwa mmefumbua pia, na mlikuwa mnanitazama mimi.

Sitawaficha. Nilianza kuamini. Usiku na mchana nilijiuliza, labda kweli iko kitu ndani yangu. Labda haya yangu ndiyo hicho kitu, kimenificha watu wasinijue. Nikaacha shule kwa muda. Nikawa nakaa kwenye mawe ya ziwa, kamera iko kwenye mfuko wa mchele chini ya kitanda. Wateja wa mama wakaanza kununua ndagala kwenye meza ya jirani. Nilimwambia Mungu: Kama ni mmoja lazima aende, chukua mimi, yule bibi umwache. Nilimwambia hivyo kila siku. Mungu alinyamaza. Na mimi, ambaye nimenyamazia watu maisha yangu yote, nilijua siku zile kunyamaziwa kunauma namna gani. Sikutaka tena kuwepo. Mama alijua, maana alianza kunifuata kila nilipotoka, bila kusema, anabeba beseni tupu ili ionekane ana safari yake.

Siku moja motari, dereva wa pikipiki, akasimama kwetu. Akasema, "Bibi Nabintu anamuita binti. Na aje na ile kitu yake."

Nilijua nimekwisha. Nilifikiri wanataka kuivunja mbele yangu, au kunivunja mimi. Mama akafunga kitenge akapanda nyuma yangu, tukawa watatu kwenye pikipiki, na nilisikia moyo wake unapiga mgongoni kwangu.

Papa Bulonza alikuwa mlangoni. Alitupisha bila salamu. Bibi alikuwa amelazwa kwenye godoro pale pale mlangoni, apate hewa ya ziwa, na Mama Espérance alikuwa amekilaza kichwa cha mama yake mapajani mwake. Bibi amekonda. Niliona na nikaanguka magoti, nikaanza kuomba msamaha.

Akasema, "Nyamaza, mwanangu, unanyamazaka vizuri. Ile foto iko wapi?"

Nilikuwa nimeifuta. Ni Papa Bulonza mwenyewe aliyeitoa kwenye simu yake. Alikuwa ameitunza! Bibi akamwambia aishike karibu, watoto wote waone.

"Angalieni mukono wangu uko wapi."

Wakaangalia. Mkono uko chini ya kitenge, umeshika tumbo.

"Siku ya harusi nilikuwa nashika maumivu. Na mbele ya harusi kufika, na mbele ya mavuno kuanza. Nyinyi munapita munasema Bibi iko nguvu, Bibi iko nguvu. Mimi nilinyamaza, sikutaka kuharibu sherehe ya muntu. Huyu mutoto hakuniandika. Huyu mutoto aliniona."

Kisha akapumua sana, akasema tena, taratibu, "Na huyu," akagusa goti la Mama Espérance, "alikuja kunizika akanikuta na ungo. Muntu gani anasikia kilio chake mwenyewe, akajua nani anamulilia? Munataka nimulaani nani?"

Papa Bulonza aligeuka akatazama nje. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Na mimi, ndugu zangu, pale chini kwenye saruji, kitu kilinitoka. Sikuanguka, sikupiga kelele, hakuna aliyeniwekea mkono. Nilipumua tu. Nilikuwa nimesahau namna ya kupumua mpaka mwisho. Mungu niliyedhani amenyamaza alikuwa ameweka jibu lake kwenye foto ileile tangu siku ya kwanza, chini ya kitenge, na mimi niliyeipiga sikuliona!

Bibi akaniambia, "Toa kitu yako. Sasa nipige na binti yangu. Na uache rangi, wasije wakaleta tena mabenchi." Mama Espérance akacheka huku analia. Nikapiga. Nikaiweka kwenye statut jioni ile, na ukuta wa kijani wote, na maua yote yanayopiga kelele.

Bibi Nabintu hakupona. Nawaambia ukweli sababu ushuhuda si hadithi. Hospitalini walisema tumechelewa. Alipofariki, Papa Bulonza alinipigia, sauti imekauka, akaniambia, "Noella, tuma ile isiyo na rangi. Mama alisema ni ile." Kwenye kamera ilikuwa bado iko na rangi zake, nikaziondoa tena, nikatuma. Ilisimama kichwani pa jeneza, na akina mama walilia wakiitazama, na safari hii hawakukosea.

Namshukuru Mungu. Hakuniondolea haya, mnaona karatasi inavyotetemeka. Hakunirudishia wateja wote. Lile jina bado naliitwa sokoni. Aliniondolea lile neno nililokuwa nalo moyoni, kwamba mimi ni kifo. Kama yuko hapa mtu ambaye watu wamempa jina, na ameanza kuliitikia, nakuomba usiende kukaa kwenye mawe peke yako. Mngoje Bwana. Anachelewa, siwezi kukudanganya, lakini anaona mkono wako uko wapi.

Nimemaliza. Sasa nitarudi kule nyuma karibu na mlango, maana leo kuna watoto wa kubarikiwa, na nitainua kamera. Akina mama, nawaomba kwa jina la Yesu, msiwafunike.