Ganzi Iliyompata Povu

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na dakika ishirini alasiri, kwenye benchi la mbele ya duka la fundi cherehani, mtaani kwetu Medina, Dakar. Naikumbuka saa kwa sababu nilikuwa nahesabu pumzi za baba. Mafua makali yaliyomlaza yalikuwa yameisha wiki mbili nyuma. Sasa miguu ilikuwa na ganzi, naye alikataa kwenda hospitali mpaka glasi ya tatu ya chai. Kijiweni hapo hakuna anayeondoka kabla ya glasi ya tatu. Waliketi watatu: baba, waliyemwita Povu kwa jinsi alivyomimina chai kutoka juu mpaka itoe povu; Waziri, wa ukoo wa Diop, mtani wetu sisi akina Ndiaye; na Tembo, mwanamieleka mstaafu.

— Ni viatu hivyo, alisema Tembo. Vimekubana.

— Viatu gani? Waziri akadakia. Ndiaye huyu kala sinia zima la wali. Damu yote imehamia tumboni, miguu imebaki yatima!

Wakacheka. Baba naye akacheka.

— Nyie akina Diop mnakula mpaka ukoko, halafu mnauliza chakula kiko wapi.

— Basi ni hirizi, Tembo akasema. Kuna mtu niliwahi kumwangusha uwanjani, hajanisamehe. Amenitegea mimi, imekosea mlango.

— Jana ganzi ilikuwa vidoleni, nikasema. Leo asubuhi imefika magotini. Inapanda.

— Binti, chuo kikuu kumbe kinafundisha uoga? Waziri akaniuliza. Mwache baba yako. Ndiaye huumwa kazi ikitajwa, chai ikiiva anapona.

Baba akanyanyua birika amimine glasi ya pili. Mkono ulifika kifuani, ukagoma. Chai ya moto ikammwagikia gotini, naye hakushtuka hata kidogo.

Sote tukamtazama Waziri, atie neno. Akavua kofia, akamfuta nayo baba goti. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli.

— Tembo, akasema taratibu, mbebe.

Jioni nilirudi kijiweni kutoka hospitali kuwaeleza.

— Daktari anasema kinga ya mwili ilipigana na virusi vya mafua, ikashinda. Halafu ikaanza kuishambulia mishipa yake yenyewe ya fahamu. Wengi hupona, ila polepole. Kifua kikichoka, mashine itampumulia.

Tembo akasema.

— Kama mwanamieleka aliyemwangusha mwenzake, kisha akawageukia waliokuwa wanampigia ngoma.

— Ndivyo, Baba Tembo.

— Na nani atamshika mkono mwanamieleka huyo, Waziri akauliza, amwambie pambano limekwisha?

Nilitaja dawa. Akatikisa kichwa, hakuwa anauliza dawa. Birika lilikuwa limepoa, glasi ya tatu haijamiminwa.

Asubuhi yake nilimpitia Waziri, tukaenda hospitali. Mashine ilikuwa imeshaanza kumpumulia baba; macho tu ndiyo yaliyosogea. Waziri alisimama kando ya kitanda, kofia mkononi.

— Habari za asubuhi, mheshimiwa Ndiaye, akasema kwa adabu. Tunakuombea.

Macho ya baba yakatutazama kwa zamu, mimi na yeye, yamejaa hofu. Nikamvuta Waziri shati.

— Mtukane, Baba Waziri, nikamwambia. Tafadhali, mtukane.