Régis Grandclément, Aliyepima Kila Kitu kwa Kiganja

Kila alichokishika, Régis Grandclément alikipima kwanza. Kijiko, kipande cha mkate, barua, kitoto cha paka: alikiweka juu ya kiganja cha kulia, akakipandisha na kukishusha kidogo huku macho yakiwa kwingine, kisha akataja gramu. Hakuwa akijionyesha. Mara nyingi alijitajia mwenyewe kwa sauti ya chini. Waliowahi kukaa karibu naye katika kanisa hili wanajua kwamba hata kitabu cha nyimbo hakukifungua kabla ya kukipima.

Alizaliwa tarehe 14 Februari 1951 hapa Saint-Aubry-le-Haut, mtoto wa pili wa Aimé Grandclément, mkata miti, na mkewe Jeanne. Dada yake, Colette, anasimulia kwamba theluji ilikuwa imefunga barabara na mkunga alifika bila mizani, hivyo mtoto akapelekwa kwa jirani, akapimwa kwenye mizani ya jibini. Alikuwa na kilo mbili na robo, pamoja na blanketi. Jirani alitikisa kichwa. Mama yake akasema, "Mwache. Huyu atakuja kuwashangaza."

Alisoma shule ya msingi ya kijijini, kisha mwaka 1966 akaingia chuo cha ufundi wa miwani mjini Morez. Kuanzia Septemba 1969 hadi alipostaafu mwaka 2011 alifanya kazi katika karakana ya familia ya Chevassus, akitengeneza fremu. Kazi yake ilikuwa kupunguza: kupiga tupa, kutoboa, kukwangua, hadi fremu ibaki na kile tu kinachohitajika ili isivunjike. Aliwafundisha vijana wengi, na wote aliwaambia kwamba miwani nzuri ni ile ambayo mwenyewe anaisahau usoni.

Odile Bavoux alikuwa akiuza jibini kwenye duka la ushirika. Régis alinunua kipande kila Ijumaa, akakipima kiganjani mbele yake, akataja uzito kabla mizani haijatulia. Baada ya wiki kadhaa Odile alimuuliza, "Wewe bwana, unakuja kununua jibini au unakuja kunikagua mimi?"

"Vyote viwili," alijibu.

Walifunga ndoa tarehe 9 Septemba 1978, na mwaka 1980 wakajaliwa binti yao wa pekee, Séverine.

Mwaka 1986 alinunua gari ambalo wengi wenu mlilisikia kabla ya kuliona. Ilikuwa Renault 5 Turbo, nyekundu, ndogo kama gari la kwenda sokoni, ila injini yake haikukaa mbele. Ilikaa katikati, nyuma tu ya viti viwili, pale ambapo familia nyingine huwaweka watoto. Alilinunua kwa ajili ya mbio za magari za kupanda mlima ambazo kijiji hiki huziandaa kila Juni, kutoka darajani hadi msalaba wa juu. Alitaka kitu kimoja: kufika msalabani chini ya dakika mbili.

Aliongeza nguvu kwanza. Alibadilisha turbo, akaweka kipoza hewa kikubwa zaidi, akafungua ekzosi hadi ng'ombe wa bonde zima wakamjua. Lakini moyo wake haukuwa kwenye nguvu. Alikuwa fundi wa miwani. Aling'oa zulia, akakwangua lami iliyopakwa sakafuni kuzuia kelele, akabadilisha vioo vya madirisha ya pembeni kwa plastiki ngumu, milango ya chuma kwa alumini. Akatoboa pedali kama alivyotoboa fremu. Kiti cha abiria kikaenda. Hita nayo ikaenda, na majira yote ya baridi yaliyofuata Odile alikataa kabisa kupanda gari hilo. "Mume wangu kaoa jokofu lenye magurudumu," aliwaambia wateja.

Mwaka 1991 aliondoa tairi la akiba lililokaa chini ya boneti, na kila kilichokuwa karibu nalo. Gari halikuwahi kuwa jepesi kiasi hicho. Kwenye kona ya kanisa dogo aligeuza usukani, na magurudumu ya mbele, yasiyo na kitu cha kuyakandamiza barabarani, yakaendelea moja kwa moja. Alimaliza mbio zake katikati ya malisho ya familia ya Jobard, mzima, akitazamwa na ndama.

Jioni hiyo alikaa jikoni akichora mistari kwenye kitambaa cha meza kwa ukucha. Odile akachukua sufuria yake nzito ya chuma, ile ya mama yake, akatoka nayo hadi bandani, akaitua chini ya boneti.

"Unafanya nini, Odile?"

"Wewe umetoa tu, umetoa, umetoa. Mbele hakuna kitu. Weka hii uone."

"Hiyo ni ya kupikia."

"Basi Jumapili utanifungulia nipike."

Régis aliifunga kwa boliti nne, na gari likashika kona. Tangu hapo kila Juni wakaguzi walifungua boneti na kuuliza, "Bwana Grandclément, leo mnapika nini?" Na kila Jumapili, kabla ya misa, Régis alionekana bandani na spana, akimfungulia mkewe sufuria yake. Alifanya hivyo kwa miaka ishirini na mitano, hadi Odile alipofariki tarehe 3 Machi 2016. Baada ya hapo sufuria ilibaki kwenye gari. Yeye alijipikia kwenye kikaango kidogo cha alumini.

Dakika mbili hazikuvunjika. Kila mwaka alikaribia, na kila mwaka alirudi bandani na tupa. Shemeji yake Lucien Bavoux, mwenyekiti wa mbio, alimtania: "Shemeji, sasa imebaki kukutoboa wewe."

Novemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa kwa miezi mitano hospitalini Lons-le-Saunier, na hakulalamika ila juu ya uma, ambao alisema ni mzito mno kwa chakula kibaya namna ile. Alipungua sana. Séverine alimkatalia mbio za Juni, daktari akasita. Lucien akasema, "Mwache apande. Akikaa nyumbani atakufa kwa hasira."

Tarehe 18 Juni 2023, katika duru ya kwanza, Régis alifika msalabani kwa dakika moja na sekunde hamsini na nane. Watu waliokuwa kando ya barabara waliruka. Lucien alilia mbele ya kila mtu. Gari liliposhuka, Séverine alimkuta baba yake bado ameketi ndani, ameshika helmeti kiganjani, anaipandisha na kuishusha.

"Baba, umeweza."

"Siyo gari," alisema. "Ni mimi niliyepungua. Kilo ishirini na moja."

"Nani anajali? Umefika chini ya dakika mbili. Jipe tu hii moja."

"Nimelikwangua gari hili miaka thelathini na saba, na kila gramu najua niliitoa wapi na kwa nini. Hizi ishirini na moja sikuzitoa mimi. Mwambie mjomba wako afute."

Lucien alinung'unika, akamwita mbishi na mbuzi wa mlimani, akafuta. Kisha wakachukua kilo ishirini na moja za chumvi ya kuyeyushia theluji barabarani kutoka stoo ya kijiji, wakaipima kwenye mizani, ingawa Régis alikuwa ameshaipima kwa mkono, wakaifunga sakafuni pale kilipokuwa kiti cha abiria. Alipanda tena. Dakika mbili kamili na nusu ya sekunde.

"Hiyo ndiyo yangu," alisema. Jioni hiyo alikula sahani nzima kwa mara ya kwanza tangu majira ya kuchipua. Séverine hakuongea naye njia nzima ya kurudi nyumbani. Alitamani baba yake aondoke na kitu alichokitafuta maisha yote, na aliona amekirudisha mwenyewe.

Régis alifariki nyumbani kwake tarehe 2 Oktoba 2023, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Ameacha binti, Séverine, mkwewe, Benoît, mjukuu wake, Timothé, dada yake, Colette, shemeji yake, Lucien, na vijana wa karakana ambao sasa wana mvi. Familia inawashukuru wauguzi waliomhudumia nyumbani. Baada ya mazishi wote mnakaribishwa kwenye ukumbi wa kijiji. Chakula kimepikwa katika sufuria ya Odile, iliyofunguliwa jana kwa mara ya kwanza tangu alipotuacha, na itarudishwa mahali pake. Udongo wa kwao uwe mwepesi juu yake, naye apate pumziko karibu na mkewe.

Alasiri ya mwisho ya maisha yake muuguzi alikuwa ametoka, na mto wa kulalia ulikuwa umeteleza. Séverine alipitisha mikono chini ya mgongo wa baba yake, akamwinua ili auweke sawa. Hakuhitaji nguvu. Baba alimtazama. Alikuwa amemfundisha kupima tangu akiwa mtoto, kwa mayai na misumari.

"Ngapi?" aliuliza.

Séverine alijua jibu la kweli. Akataja uzito wake wa zamani, ule wa mwaka alipolileta gari nyumbani.

"Sabini na nne."

Régis alikigeuza kiganja chake juu ya blanketi, akakipandisha na kukishusha kidogo.

"Umekosea, binti yangu," alisema. "Lakini iache hivyo hivyo."