Shamba la Juu na Maharagi ya Kavugho

Kijiwe chetu cha Bulengera, mjini Butembo, ni ubao mmoja mbele ya kibanda cha Ingénieur, fundi wa redio. Hapo tunakunywa kahawa na kubishana, na mimi, niseme ukweli, napenda ubishi kuliko kahawa. Asubuhi hiyo redio ilisema kuna watu wanaokaa angani, juu kupita ndege, na wameotesha salata ndani ya chombo chao.

— Tena bila udongo, alisema Ingénieur. Mizizi banaifunga mu kitambaa yenye kulowana, na taa njo inakuwa jua.

— Mais kule hakuna juu na chini, alisema Météo, anayetabiri mvua kila siku na kukosea. Donc ndizi itaota kichwa chini. Mukungu itaangalia Butembo.

— Hakuna hata mupaka, Ingénieur akaongeza. Jirani hawezi kukuibia mistari mbili ya shamba.

— Njia ikifunguka, akasema Météo, siye Banande, batu ba jembe, njo tutafika ba kwanza. Minachukua hekta mbili pembeni ya mwezi. Moya ya viazi, moya ya vitunguu.

Tulikuwa bado tunacheka tulipoona Mama Kavugho amesimama karibu, kopo mkononi. Alikimbia risasi upande wa Mangina, sasa analala kwa wifi yake na watoto wanne. Ndani ya kopo mlikuwa na maharagi yaliyochanganywa na majivu. Kwetu maharagi yenye majivu ni mbegu, na mbegu haipikwi hata njaa ikibana.

— Papa Ingénieur, bale batu ba juu, kisha kupanda, balivuna?

— Balivuna, mama. Na balikula.

— Hakuna mutu alibakimbiza?

— Hapana, mama.

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama anayefurahi kwa niaba yao.

— Mvua imeanza. Kule kwangu bado banapiga risasi. Kwa wifi hakuna hata fasi ya kuanika nguo. Hii mbegu, niipande wapi?

Sisi tuliokuwa tunagawana mwezi, wote ni wapangaji, hatuna hata mita moja ya kumwazima. Niliona aibu, nikatazama kahawa yangu.

Alingoja kidogo, kwa heshima. Kisha akavuka njia mpaka kwenye bomba, akapiga magoti, akaanza kuosha majivu.