Mwenye Nyumba wa Kamisawa: Bi Tomeko Muneoka (1933–2024)

Ndugu, jamaa na majirani mliopanda kilima na mvua hii, ahsanteni sana. Mimi ni Mitsuyo. Marehemu ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, na nyumba yangu iko chini kidogo ya yake. Nimeombwa nisome habari za maisha yake kabla hatujaiweka mifupa yake, iliyobaki baada ya mwili kuchomwa, kaburini pamoja na ya mumewe. Shangazi hakupenda hotuba ndefu. Aliziita maneno ya kupozea chakula. Nitajitahidi.

Bi Tomeko alizaliwa tarehe 9 Novemba 1933 hapa Kamisawa, mkoani Shimane, mtoto wa tatu wa Mzee Kumaji Iwagami, mchoma mkaa, na mkewe Bi Yae. Wenyeji mnajua maana ya Tome: basi, inatosha, tukome hapa. Ndilo jina la mtoto ambaye wazazi wanatumaini atakuwa wa mwisho. Baada yake wakazaliwa wengine wawili, na mmoja wao ni baba yangu. "Nilipewa kazi siku niliyozaliwa nikashindwa," alikuwa akisema, "na kushindwa kwenyewe ndiko huku," kisha ananinyooshea kidole mimi.

Alianza shule mwaka 1940. Vita vilipopamba moto, uwanja wa shule uligeuzwa shamba la viazi vitamu, na watoto walishika jembe zaidi kuliko kalamu. Alimaliza masomo Machi 1949. Alitamani kuendelea, lakini nyumbani hakukuwa na kitu. Hakulisema hilo kwa uchungu, ila alilisema mara nyingi.

Aprili 1958 aliajiriwa kuwa mpishi wa chakula cha mchana katika shule ileile, na hapo alibaki hadi ilipofungwa Machi 1991 kwa kukosa watoto. Wengi wenu mlikula supu yake ya miso, ile ya soya iliyochachushwa, na mimi nilikula. Ukiacha karoti, alikuja akakaa mbele yako, hasemi kitu, anakutazama tu mpaka umeimaliza. Ukishaimaliza alisema, "Haya, imekuuma?" Leo sisi wenyewe ni wazee na bado tunaogopa kuacha karoti.

Tarehe 20 Machi 1955 alifunga ndoa na Bwana Sadakichi Muneoka, fundi seremala, akahamia nyumba hii ya juu. Shangazi alikuwa mfupi, kwa hiyo mumewe alimjengea jiko kwa kimo chake. Sisi wengine tukiosha vyombo pale, migongo inalia. Walijaliwa watoto wawili, Nobuhiro na Chizuru. Bwana Sadakichi alifariki tarehe 3 Oktoba 2004, na tangu hapo shangazi aliishi peke yake. Akiulizwa kama hana upweke alijibu, "Ninao. Basi nikautibu wapi, kwa watu nisiowajua?"

Februari 2017 aliteleza mlangoni akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali, Nobuhiro akamchukua kwake Osaka, ghorofa ya saba. Nataka ieleweke: Nobuhiro na mkewe walimtunza vizuri mno. Hakuruhusiwa kuinua hata kisu. "Mama, wewe kaa tu," walimwambia asubuhi na jioni. Nilimpigia simu kila Jumapili, naye aliniuliza habari za mpunga, za ngiri walioingia shambani, za moshi wa bafu langu la kuni. Nikimuuliza habari zake, ananiambia, "Niko. Nimewekwa."

Kisha ikaonekana masikio yamekufa. Jioni Nobuhiro akirudi kazini anasema mlangoni, kama sote tunavyosema, "Nimerudi!" Na aliye ndani anapaswa kuitikia, "Karibu, umerudi!" Shangazi kimya. Wakaongeza sauti, kimya. Wakampeleka kwa daktari wa masikio, wakangoja nusu siku, na daktari akasema bibi huyu anasikia hata sindano ikianguka.

"Sasa Mama, mbona huniitikii?" Nobuhiro akamuuliza kwenye gari.

"Nikuitikie mimi kama nani? Anayeitikia ni mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni mke wako."

"Lakini Mama, pale ni nyumbani kwako pia."

"Nyumbani kwangu najua taa iko wapi," akasema, akageukia dirisha.

Nobuhiro aliniambia kwamba siku ile hakuweza kuendesha. Alisimamisha gari kando ya barabara. Vuli ya mwaka huohuo akamrudisha. Mimi nilikuwa nimefungua madirisha na kuanika matandiko. Shangazi alishuka na mkongojo wake, akakataa mkono wangu, akaingia wa kwanza. Nobuhiro akafuata na mizigo, akasema kwa mazoea, "Nimerudi." Kutoka jikoni ikatoka sauti ambayo ingesikika mpaka kwangu bondeni: "Karibu! Umerudi! Na uvue viatu vizuri!" Mwanaume mzima wa miaka sitini akakaa pale mlangoni akalia.

Lakini kurudi ni jambo moja na kuishi ni jingine. Ofisi ya mji ikamtuma Bi Asanuma, msaidizi wa majumbani, ambaye yuko nasi hapa. Wiki ya kwanza Bi Asanuma alipika, akafua, akapanga makabati upya. Shangazi akamwambia, "Mwanangu, umekuja kunisaidia au kunirithi?" Nikadhani ndiyo basi, msaidizi hatarudi tena. Alirudi, na kiti. Akamkalisha shangazi mbele ya ubao wa kukatia, yeye akaishika figili isiteleze, shangazi akakata. Chungu kizito akainua yeye. Chumvi akatia shangazi. Kamba ya kuanikia nguo ikashushwa hadi kifuani. Kazi ya nusu saa ikawa ya asubuhi nzima, na kicheko chao nilikisikia nikiwa bustanini kwangu. Kicheko kile ndicho ninachokitamani zaidi. Mpaka leo nikiwa kwenye vitunguu hujikuta nimesimama, nimetega sikio.

Vuli iliyopita moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Aprili daktari alikuja, akakaa kitandani pake, akasema akilazwa huenda akafika kiangazi.

"Hicho kiangazi nitakuwa wapi?" shangazi akauliza.

"Wodini, Bibi. Tutakutunza vizuri."

"Basi hicho ni kiangazi chenu."

Daktari akamtazama Nobuhiro, aliyekuwa amekuja kutoka Osaka. Sote tulimtazama Nobuhiro. Hakuna mtoto anayetaka kulijibu swali lile, alazwe au abaki, na yeye alikuwa na hamu ya kuwa na mama yake hata kwa siku moja zaidi. Akainamisha kichwa hadi kwenye mkeka, akasema, "Mama anabaki kwake." Alichukua likizo, akahamia hapa. Chizuru akaja kutoka Hiroshima.

Asubuhi ya tarehe 27 Aprili 2024 Nobuhiro alipika supu ya miso kwa mara ya kwanza maishani mwake, amepinda mgongo kwenye jiko lile fupi. Alitaka kumlisha kwa kijiko. Shangazi akakichukua kibakuli kwa mikono yake miwili, akanywa funda moja, akakirudisha.

"Chumvi imezidi," akasema. "Kesho nitapika mwenyewe."

Akajilaza, akageukia mlango uliokuwa wazi upande wa mashamba, vyura wakipiga kelele. Adhuhuri Bi Asanuma alipofika, shangazi alikuwa ameshatutoka. Alikuwa na umri wa miaka tisini.

Marehemu ameacha watoto wawili, Nobuhiro na Chizuru, wakwe wawili, wajukuu watatu, kitukuu mmoja, msichana, ambaye hakupewa jina la kukomesha mtu yeyote. Amemwacha Bi Asanuma, aliyetuomba asitajwe, lakini shangazi angetukasirikia. Na ameniacha mimi kule bondeni, na ninamkumbuka kila siku.

Pumzika, Shangazi. Lala kwa amani hapahapa kwako. Kesho tutapika sisi.