Marisau ya Kwale

Daktari wa meno alikuwa anaelekea kazini, na wawindaji wawili wa kiti cha mbele walikuwa wameligeuza behewa zima kuwa baraza lao.

“Bunduki ya babu ni kongwe kuliko hii treni,” alisema mwenye kofia. “Ukiishindilia baruti, mtutu unapasuka. Tia kidogo, na marisau madogo, vile vipunje vya risasi. Kwale chali!”

“Madogo ni ya kumtekenya tu,” alibisha mwenye kipara. “Weka makubwa.”

“Nibaki na manyoya?”

Treni ikaanza kupunguza mwendo. Mwenye kofia akageuka. “Dada, tuamulie.”

“Madogo,” alijibu daktari papo hapo. “Hayo hata mpishi hayaoni kwenye nyama.”

Mwenye kofia akacheka kwa ushindi, jino lake la mbele limekatika nusu. Treni iliposimama, daktari akamwachia kadi ya kliniki.